Punje Iliyokataa Kufunguka

Kitambaa cha mwisho kilichofumwa katika kiwanda chetu hapa Kalemie kilinuka ndakala. Sisemi kwa mzaha. Ungekishika ukiwa umefumba macho, ungedhani umeshika gunia la samaki wadogo wa ziwa waliotoka kuanikwa. Kilikuwa cheupe, kizuri kwa macho, na hakikutosha kumvisha mama mmoja kikwembe. Kila mtu aliyekuwa ndani ya jumba la kufuma siku ile alijua, kabla mashine hazijazimwa, kwamba hakitafuata kingine.

Sasa nimestaafu. Wadogo zangu waliobaki katika sehemu ya rangi, wanaotia rangi vitambaa vinavyofika vimeshafumwa na kusafishwa kwingine, huniuliza kwa nini jumba la kufuma lina kufuli. Wamesikia mengi. Wengine wanasema pamba iliisha, wengine treni, wengine wanamtaja mtu wa Nyunzu aliyenyimwa kazi akaondoka na maneno mabaya mdomoni. Nitaandika nilichokiona, kwa mpangilio wake. Vyeo vyangu sitavitaja. Vilikuwa vichache, na hakuna hata kimoja kilichozuia uzi kukatika.

Siku yangu ya kwanza nilipelekwa sehemu ya gundi, kwa Papa Ilunga. Alikuwa mtu mfupi, mikono yake imechubuliwa na soda kali hadi viwiko, na alisema polepole kama mtu anayepima kila neno kabla ya kulimimina. Hakuniuliza nimesoma wapi. Alinipa uzi mmoja mbichi wa pamba akaniambia niusugue kwa ukucha wa kidole gumba. Ulichanika nyuzinyuzi mara moja, ukakatika. Akanipa wa pili, uliokwisha kupita katika gundi na kukauka. Nilisugua mpaka ukucha ukaniuma.

"Umeona?"

"Nimeona, Papa."

"Hiyo njo kazi yetu. Yote mengine unayosikia humu ndani ni kelele ya mashine."

Kwa wasiojua: katika kufuma kuna nyuzi za mtande, zile za urefu, zinazonyooshwa kwenye mashine, na kuna ule uzi unaopita kati yake kwenda na kurudi. Za mtande ndizo zinazoteseka. Zinavutwa, zinasuguliwa, zinapigwa mchana kutwa. Zisipovikwa gundi kwanza, zinakatika, na kila unapokatika mmoja mashine inasimama na mfumaji anainama kuunga. Gundi hiyo ni wanga uliopikwa. Kikishafumwa, kitambaa kinafuliwa na gundi yote inakwenda na maji. Papa Ilunga alipenda kusema kwamba sisi tulikuwa watu pekee kiwandani ambao kazi yao ikiwa nzuri inamwagwa mtoni Lukuga.

Miaka yangu ya mwanzo wanga ulitoka ng'ambo katika mifuko ya karatasi nzito. Haukuwa wanga wa kawaida. Ulikuwa umeshafanyiwa kazi huko ulikotoka: ukiuchemsha unakuwa mwepesi kama maziwa, unaingia ndani ya uzi na kuushika. Sisi tulichemsha tu na kukoroga. Kisha ikaja miaka ya kubadilisha majina. Wenye kiwanda wa zamani wakaondoka, makoti na tai vikaondoka, sote tukawa masitwayeni, yaani raia, na asubuhi kabla ya kazi tukawa tunaimba na kucheza uwanjani kuisifu nchi. Mifuko ya karatasi ikaanza kuja kwa kuchelewa, halafu kwa bahati, halafu ikaacha kuja.

Papa Ilunga aliagiza wanga wa mihogo. Mihogo hapa hatujawahi kuikosa. Aliupika kama alivyoupika ule wa ng'ambo, na tangini kikapanda kitu kizito, kinachovutika, kilichoganda mara tu moto ulipopungua. Kilikaa juu ya nyuzi kama matope juu ya viatu. Mashine zilipoanza, kikapukutika sakafuni.

Papa Sefu, mfumaji mzee kuliko wote na mwenye ulimi mrefu kuliko wote, alikuja mlangoni kwetu huku amekamata bonge mkononi.

"Papa Ilunga, asante, umetupikia ugali. Sasa mboga iko wapi?"

Jumba zima lilicheka. Papa Ilunga alicheka pia, lakini kesho yake alifika kabla ya wimbo na hakutoka maabara hadi king'ora cha mwisho.

Maabara yetu ilikuwa chumba kimoja chenye meza ya vigae, mizani, jiko la spiriti, na kabati la chupa zilizokuwa zinapungua. Pale ndipo aliponifundisha wanga ni nini. Alichora duara mezani kwa kidole kilicholowa maji. Punje ya wanga, alisema, ni nyumba iliyofungwa kwa ndani. Ndani yake kuna minyororo mirefu imekunjwa na kubanana. Ukimwaga dawa juu yake, dawa inapiga hodi ukutani na kurudi. Inachubua ngozi ya nje tu, na ndani wenyeji wamelala. Ukichemsha ili kuivunja, nyumba inabomoka yote na unapata ugali wa Papa Sefu. Basi njia iko moja: uilegeze bila kuibomoa, dawa iingie, ikate minyororo na kuipa mikono ya kushika pamba, halafu uipike.

Ilimchukua muda mrefu. Aliloweka wanga katika maji baridi yenye soda kidogo, na chumvi ya sehemu ya rangi ili punje zivimbe bila kupasuka. Soda ikizidi, pipa zima linageuka uji. Ikipungua, punje hazisikii. Baadaye alipoza ukali wa soda kwa asidi na kutia maji ya javeli, yale yale yaliyong'arisha vitambaa. Tulikoroga kwa zamu kwa makasia ya mtumbwi, maana ya chuma yaliliwa. Mwisho tuliosha mara nyingi na kupima. Kipimo kilikuwa tone la iodini, ile ya vidonda, katika gundi iliyopoa. Wanga safi unakuwa buluu kama wino. Ukikatwa vizuri, buluu inaelekea zambarau. Nilijifunza kusoma rangi zile kama wengine wanavyosoma uso wa mkubwa wao.

Kipimo cha javeli kilikuwa kitu kingine. Javeli hufa polepole, hasa mapipa yakipigwa na jua, na ipo njia ya uhakika ya kujua imebaki na nguvu kiasi gani. Lakini chupa ya dawa ya kipimo hicho ilikuwa imekauka kabatini na haikuletwa nyingine. Tulibaki na pua zetu. Wadogo zangu, lishikeni jambo hili, kwa sababu nitalirudia.

Siku wanga wa Papa Ilunga ulipokubali, aliuleta uzi kwangu, nikausugua kwa ukucha, nikarudia. Wanga huo ulitoka kwa Mama Feza, mwanamke wa Lubuye aliyewaongoza wenzake kukuna mihogo mibichi, kuikamua katika vitambaa vyetu vibovu na kuacha wanga utuame ndani ya masafuria. Walikuwa wameuanika hapa hapa uwanjani, juu ya kitambaa safi. Tulivika gundi rola moja ya nyuzi, ikapanda kwenye mashine ya Papa Sefu, na mashine ikaenda tangu asubuhi hadi mchana bila yeye kuinama. Alisimama mikono mgongoni kama mgeni aliyekaribishwa mahali asipopajua.

"Papa Sefu, mbona kimya?" Papa Ilunga alimuuliza.

"Nimekosa kazi, Papa. Sasa watanifukuza kwa sababu yako."

Mama Feza aliitwa aje aone. Aliingia jumbani kwa mara ya kwanza, akaweka kiganja juu ya kitambaa kilichokuwa kinashuka, akasema, "Kumbe muhogo yangu inaweza kuvaliwa." Sijasahau alivyosema. Watu wengi wamenionyesha nyuso zao za furaha katika maisha haya, lakini ule ndio ninaouona.

Sitwayeni Direkta, mkuu wetu, hakuwa mtu mbaya. Alikuja, akashika uzi, akatwambia ukweli. Wakubwa kutoka Lubumbashi walikuwa wanakuja kuamua kama jumba la kufuma libaki au lifungwe. Pamba ilikuwa imeahidiwa, ingefika kwa treni kupitia Kabalo na Nyunzu. "Wakikuta tunatia gundi yetu wenyewe na mashine zinatembea, nitakuwa na neno la kusema," alisema. "Wakikuta zimesimama, sina." Akatazama jumba lote kana kwamba anaaga. Watu waliokuwa wanaishi kwa jumba lile wangejaza misa mbili za Jumapili.

Kwa hiyo wanga ulitakiwa mwingi, na ukavu, ili uweze kusubiri treni. Mama Feza aliongeza wanawake. Na mvua ikaanza.

Uwanja wetu uko bondeni. Maji yalisimama, malori yakakoroga tope, na wanga uliokuwa umeanikwa ukaanza kuchacha. Mama Feza alikuja biro, yaani ofisini, kuuliza afanye nini, akaambiwa na karani kwamba aanike mahali pakavu. Jibu lilikuwa sahihi. Mahali pakavu panapojulikana na kila mtu wa hapa ni ufukweni, kwenye mchanga wa juu, ambako upepo wa ziwa unakausha kitu kati ya mvua na mvua. Na ufukweni kulikuwa na mikeka mikubwa ya matete iliyokaa bure, kwa sababu mbalamwezi ilikuwa kubwa na wavuvi, wanaovua kwa taa gizani, hawakutoka. Waliikopa. Waliisugua kwa majivu na mchanga kama wanavyosugua masafuria, wakaisuuza ziwani, wakaikausha, wakaanika wanga. Ukakauka mweupe, wa kupendeza. Wakatuletea magunia yamejaa, nasi tukawapokea kwa makofi.

Mutaniuliza kwa nini hakuna aliyenusa. Nami nawauliza ninyi: leo asubuhi mmenusa ndakala? Wako sokoni, wako kwenye maboti, wako kwenye nywele za watoto wanaorudi nyumbani. Mgeni anayeshuka kwenye treni hushika pua. Sisi hatuna habari. Pua ya mtu wa Kalemie imeshaacha kuihesabu harufu hiyo. Ningepeleka gunia lile Manono, mbali na ziwa, mutu wa kwanza wa njiani angeniuliza ninauza samaki gani.

Kazi ya mapipa ilianza treni ilipokuwa bado njiani. Tangu siku ya kwanza kulikuwa na kasoro. Punje hazikuvimba kama zilivyotakiwa. Zilikaa chini ya pipa, nzito, zimejifunga. Juu ya maji kulikuwa na utando mwembamba unaong'aa, tukadhani ni mafuta ya makasia. Tone la iodini lilitoa rangi hafifu, ya kukauka, si buluu na si zambarau. Papa Ilunga aliinamia pipa.

"Harufu ya javeli imebaki yote," alisema. "Haijaliwa. Wanga inakataa."

Mimi niliinama baada yake. "Papa, mimi nasikia harufu ni ndogo tangu tulipoitia. Pipa hili la javeli lilikaa juani. Lile la kwanza tulilimaliza kwenye rola ya Papa Sefu."

"Kwa hiyo javeli imekufa?"

"Njo ninavyosikia."

"Mimi nasikia iko hai."

Tulinusa tena, watu wazima wawili, kama mbwa juu ya shimo. Hatukukubaliana. Akatia javeli zaidi, maana kama ni mimi niliye sahihi ingesaidia, na kama ni yeye haingedhuru sana. Rangi ilisogea kidogo. Treni ilipiga honi Lukuga ikiingia mjini na marobota ya pamba. Nyuzi zikasokotwa. Wakubwa wakafika.

Tuliwaimbia uwanjani, tukacheza kama ilivyotakiwa, na Papa Sefu, ambaye magoti yake hayakupenda kucheza, alikuwa mstari wa mbele. Kisha wakaingia jumbani. Nyuzi zilikuwa zimepita tangini na sasa zinapita juu ya silinda za moto zinazokausha gundi. Hapo ndipo harufu ilipopanda. Joto liliitoa mahali ilipokuwa imejificha. Ilijaa juu ya mashine, nzito, ya mafuta ya samaki yaliyochemka. Mkubwa mmoja alitoa kitambaa mfukoni. Wafumaji walitazamana. Uzi wa kwanza ulikatika, wa pili, halafu ikawa kama mvua juu ya mabati. Mashine zilisimama moja baada ya nyingine mpaka ikabaki ya Papa Sefu, naye akaiendesha kwa mikono na magoti, akiunga, akiunga, mpaka nayo ikakwama.

Katika kimya kile aligeuka kututazama. Nadhani alitaka kutuokoa kwa njia pekee aliyoijua.

"Papa Ilunga," alisema, "leo mboga imefika."

Hakuna aliyecheka. Yeye mwenyewe machozi yalimtoka, akajifuta kwa kile kipande cha kitambaa alichokifuma, akakitupa haraka.

Mama Feza alikuwa amesimama karibu na mlango katika kikwembe chake cha misa. Papa Ilunga alikwenda kwake moja kwa moja, akamuuliza kwa sauti ya chini, nami nilikuwa nyuma yake.

"Mama, wanga ulianikwa wapi?"

"Ufukweni, Papa. Kwa mikeka ya ndakala. Lakini tuliosha. Tuliosha muzuri kabisa!"

Papa Ilunga alifumba macho. Mafuta ya samaki yalikuwa yamenywewa na matete yale tangu mikeka iwe mikeka, na wanga mbichi unakunywa mafuta kama mchanga unavyokunywa maji. Mafuta yakishaingia, yanajishika na ile minyororo. Punje haivimbi tena, dawa haipati mlango. Hayo alinieleza baadaye. Pale mlangoni hakumweleza Mama Feza lolote. Sitwayeni Direkta alipofika, uso umebadilika, na kuuliza nini kimetokea, Papa Ilunga alijibu kwa sauti iliyosikika na wote:

"Javeli, Sitwayeni. Javeli imekufa. Iko chini ya ulinzi wangu."

"Na harufu hii?"

"Harufu haikati uzi, Sitwayeni. Utuagizie pipa jipya la javeli, tutarudia."

Direkta aliwageukia wakubwa, akaomba muda, akasema neno lake kama alivyoahidi. Walimsikiliza kwa adabu, na kitambaa cha mfukoni kimebaki puani. Pipa likaagizwa. Jumba likafungwa kwa muda, mpaka pipa lifike.

Pamba iliyobaki ilirudishwa kwenye mabehewa. Wafumaji waliondoka polepole, si kwa siku moja. Papa Sefu alianza kushona nyavu, kwa maana vidole vyake havikujua kukaa. Papa Ilunga alibaki akija kila asubuhi kufungua maabara, kufuta meza ya vigae na kukaa. Siku moja nilimuuliza anaamini nini kwa kweli.

"Mikeka," alisema. "Unajua vizuri kama mimi."

"Mimi bado nasema javeli, Papa. Mikeka labda iliharibu nusu. Vitu viwili vilibadilika pamoja: mahali pa kuanika, na pipa."

"Basi tuombe uwe sahihi. Javeli hailii."

Aliugua, akarudi kwao upande wa Nyunzu, akazikwa huko. Mimi nilihamishiwa sehemu ya rangi, na huko nilifanya kazi miaka yangu iliyobaki, kazi ya heshima, ambayo sina la kuisimulia. Kitu kimoja nawaachia, wadogo zangu, nacho nimekilipia: musibadilishe vitu viwili kwa mara moja, na dawa ya kipimo ikiisha, pigeni kelele kabla ya dawa yenyewe kuisha. Pua ni kitu cha nyumbani. Inawapenda watu wake, inawafichia.

Mama Feza bado yuko Lubuye. Wenzake hawakumwacha asahau. Mwanamke akigombana naye kisimani, neno la mwisho ni lile lile: "Wewe uliyefunga kiwanda kwa mikeka." Yeye hujibu kwamba Papa Ilunga mwenyewe alisema ni javeli, mbele ya wakubwa. Wanacheka, kwa sababu Papa Ilunga alijulikana kwa huruma kuliko kwa uongo, na mtu mwenye huruma hadanganyi ila siku moja.

Wiki niliyoaga kazi alinisubiri getini. Amezeeka. Hakunisalimu kwa maneno mengi.

"Kabwe, wewe ulikuwa ndani. Uniambie sasa. Ilikuwa mikeka yangu?"

Ningeweza kumpa jibu la Papa Ilunga. Angeondoka nalo, na kisimani lisingemsaidia, kama lisivyomsaidia mpaka leo. Nikamwambia lililo kweli: kwamba gunia moja la wanga ule bado liko stoo, nimelifunga mwenyewe lisiliwe na panya, kwamba javeli ya sokoni imezimuliwa kwa maji na haiwezi kuthibitisha kitu, kwamba kwa javeli mpya yenye nguvu ningejua kwa asubuhi moja. Wanga ukikubali, ilikuwa javeli. Ukikataa, ilikuwa mikeka.

"Na hiyo javeli mupya?"

"Iliagizwa, Mama. Siku ile ile. Uliisikia."

"Niliisikia," alisema. Akatazama reli, upande treni inakotokea.

Pipa halijafika.